Harufu Aliyobandikwa Esha

Gari lilianza kunuka wiki ya tatu baada ya harusi, na kabla wiki hiyo haijaisha Bi Nouf alikwishaamua kwamba anayenuka ni mkwewe.

Mkwe mwenyewe ni Esha, binti wa Ridhiwani, fundi magari wa Kerege. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, mwenye sauti ya chini na viganja vipana kidogo. Viganja hivyo Bi Nouf aliviona siku ya posa, akaguna. Lakini mwanawe Muataz alikuwa amekufa ameoza, haambiliki, na duka la vitambaa la mjini Bagamoyo linasimama kwa mgongo wake, basi mama mtu akameza mate akakubali. Kwa majirani akatangaza kwamba baba wa bi harusi "ana shughuli za magari," ungedhani mzee wa watu ana mabasi yake. Kwamba Esha akiwa na miaka minane alikuwa akimshikia baba yake tochi chini ya malori, na akiwa na kumi na sita anafungua breki peke yake bila kuuliza mtu, hilo halikutamkwa mle ndani hata kwa bahati mbaya.

Sasa hiyo harufu. Ngoja niieleze taratibu, maana ndipo ubaya wote ulipoanzia. Bi Nouf ana baridi yabisi ya magoti. Akipanda gari hataki kusikia habari ya AC, vioo vyote vinashushwa, anapigwa na upepo wa Mungu. Lakini Esha ni bi harusi mpya, na katika ukoo ule bi harusi hakodolewi macho na kila mpita njia mpaka miezi mitatu iishe. Akipanda Esha vioo vinafungwa juu kabisa, AC inawashwa mpaka mwisho. Na AC ikiwashwa tu, uvundo huo, wa kitu kilichooza siku nyingi, unakukaa kooni. Kwa hiyo akipanda mama, gari safi. Akipanda Esha, gari linanuka. Mwenye akili ya kumtosha kuvaa viatu vyake angesema basi ni AC. Lakini mtu akishakuwa na hamu ya kukuchukia, hesabu ndogo kama hiyo humpiga chenga.

"Mwanangu," Bi Nouf aliuliza mara ya kwanza, mbele ya wageni wawili, huku akitabasamu na kumimina kahawa, "kwenu Kerege mnaoga mara ngapi kwa siku?"

Wageni wakatazama vikombe vyao. Esha akajibu, "Mara mbili, mama," kwa adabu, kama mtoto aliyeulizwa darasani. Alipoingia chumbani ndipo alipoelewa ameulizwa nini, akakaa kitandani uso ukimwaka moto.

Yaliyofuata sipendi kuyasimulia, lakini yalitendeka. Alianza kuogeshwa mara nne kwa siku. Akatafunishwa karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Akakalishwa juu ya chetezo cha udi, nguo zimemfunika gubigubi, na kila akitaka kuinuka Bi Nouf anamkandamiza bega: "Tulia, bado." Siku moja ngozi ya paja ilibabuka, akatoka akichechemea. Khairat, wifi yake, msichana wa kisasa mwenye kucha ndefu za rangi, akapewa kazi ya kunusa nguo za Esha kabla hazijafuliwa. Alikuwa anazinyanyua kwa ncha za vidole viwili, ananusa, anakunja pua, anacheka. Hakukuwa na harufu yoyote kwenye zile nguo isipokuwa udi na sabuni, na Khairat alijua. Alikunja pua hivyo hivyo.

Halafu ikaja nailoni. Godoro jipya la harusi lilikuja limefungwa nailoni, na Bi Nouf, mwanamke asiyetupa kitu, alikuwa ameihifadhi. Akaitandika kwenye kiti cha nyuma cha gari. "Ukae hapa, mwanangu, tusije tukaharibu kiti." Kila gari likipita kwenye shimo nailoni inalia kwacha kwacha chini ya Esha, na mbele Muataz anashika usukani, anatazama barabara.

Huyo Muataz! Sitaki kusema hakumpenda mkewe. Alimpenda. Alimletea pafyumu ya bei mbaya kutoka Dar, akaiweka mezani bila neno, akatoka. Esha aliitazama ile chupa kwa muda mrefu. Kwake ilikuwa kubwa kuliko matusi yote ya mamake, kwa sababu ilimwambia kwamba hata mumewe ameanza kuamini. Tangu siku hiyo akapata tabia mpya. Akiwa peke yake, na mara nyingine hata mbele za watu bila kujijua, anainua kiganja anajinusa. Ananusa kwapa, ananusa mtandio, ananusa mto aliolalia. Hapati kitu. Anaoga tena.

Na mwenzangu, yule binti alijua! Alijua tangu wiki ile ya kwanza. Mtu aliyelelewa bandani kwa Ridhiwani hawezi kusikia uvundo unaotoka kwenye matundu ya AC asijue unatoka wapi. Alimwambia mumewe mara tatu.

"Muataz, ni filta. Filta ya AC, iko nyuma ya droo ya dashibodi. Kuna kitu kimeingia kikafia pale. Dakika kumi tu, nakubadilishia hapa hapa nyumbani."

Muataz akacheka, akatazama mlango kama mtu anayeogopa kusikika. "Mama akikusikia unataka kushika spana, utamuua kwa presha."

"Haihitaji hata spana. Basi peleka kwa fundi."

"Nitapeleka."

Hakupeleka. Leo dukani kuna wateja, kesho kuna mzigo, keshokutwa amechoka. Gari likaendelea kunuka na mkewe akaendelea kukalia nailoni.

Jumatatu moja Bi Nouf alimwita Esha sebuleni, akamwambia safari hii bila tabasamu. "Mimi nimejitahidi. Nimekuogesha, nimekufukiza, nimekuficha aibu. Ijumaa tunakwenda Dar kwenye maulidi ya watu wa heshima, sote kwenye gari moja. Kama harufu hiyo bado unayo, hurudi na sisi. Tutakushusha kwenu Kerege njiani. Mwanangu nitamwoza mwingine." Muataz alikuwa amesimama mlangoni. Esha akamtazama. Akamsubiri aseme kitu, hata akohoe. Muataz akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Basi. Esha akaona ndoa yake imebaki siku nne, na imekwama nyuma ya droo ya plastiki.

Akampigia baba yake simu. Aibu ilimzuia kumweleza. Alimtajia tu aina ya gari na mwaka, akamwomba amtafutie filta ya AC. Ridhiwani si mtu wa maswali. Jumatano filta ikaja na kondakta wa basi, ndani ya boksi, imefungwa na raba ya tairi kama ilivyo desturi yake. Jioni akapiga simu.

"Umeipata?"

"Nimeipata, baba. Ahsante."

"Mshale uliochorwa ubavuni mwake utazame chini. Usisahau kupangusa lile sanduku inamokaa filta kabla hujaiweka mpya. Na mwenye gari awepo ukifungua, aone kwa macho yake kilichotoka."

Hilo la mwisho ndilo lililomjengea Ridhiwani jina Kerege nzima. Hafungui gari la mtu mwenyewe hayupo. Ukiliacha ukaenda zako, jua litazama, lakini boliti haiguswi mpaka urudi uangalie, ili kesho usije ukasema fundi kakuibia au kakubadilishia. Esha alikua akiiona kazi ikifanywa hivyo. Alidhani dunia nzima inafanya hivyo.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri akamwomba Muataz funguo. Muataz akampa bila kumtazama usoni. Gari lilikuwa limeegeshwa pale pale siku zote, kwenye banda la uani, ubavu kwa ubavu na ukuta wa zamani wa mawe. Esha akajifunga kanga kiunoni. Kisha akafanya kama alivyofundishwa, akaenda kuwaita wenye gari.

"Mama, shikamoo. Naomba mje uani, na wifi naye. Nataka muone kwa macho yenu harufu inatoka wapi."

"Marahaba," akajibu Bi Nouf, akashangaa kiasi cha kuinuka bila kulalamikia magoti.

Wakasimama mlangoni mwa banda watatu hao, Muataz nyuma ya mama na dada yake. Esha akaingia kiti cha mbele cha abiria. Akatoa makaratasi na chaja kwenye droo. Akaibana droo pande zote mbili, ikaachia, akachomoa kikamba cha pembeni, ikaning'inia. Nyuma yake kikaonekana kifuniko cheusi cha plastiki. "Hapa ndipo hewa inapopita kabla haijaingia kwenu," akaeleza, na jamani, sauti yake ilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza mle nyumbani alikuwa anazungumza juu ya kitu anachokijua. Akabonyeza vibanio, akafungua kifuniko, akavuta.

Uvundo ulitoka mpaka Khairat akakimbilia uani kutapika. Juu ya filta, iliyokuwa nyeusi kama chini ya sufuria, palikuwa na kiota cha panya, na panya mwenyewe ndani yake, amekauka nusu, nusu ameoza. Esha akailaza sakafuni juu ya gazeti.

"Mmeona?" akasema, machozi yakimtoka na huku anacheka. "Panya! Ni panya, mama! Si mimi!"

Kwa muda kidogo, sekunde nne tano hivi, alikuwa ameshinda. Nataka mjue hivyo. Muataz alipumua kwa nguvu, akasogea hatua moja kuelekea kwa mkewe, na uso wake ulikuwa ule uso wa kijana aliyekwenda kuposa Kerege.

Ndipo Bi Nouf akainama kutazama karibu.

Panya alikuwa amekijenga kiota chake vizuri. Kulikuwa na punje za mchele, nyingi. Kulikuwa na mawaridi yaliyokauka. Kulikuwa na uzi mwekundu. Na vyote vimesokotwa pamoja na nywele za mtu, mafungu kwa mafungu, nywele nyeupe zilizotiwa hina zikawa na rangi ya chungwa. Katika nyumba ile, na nadhani katika mtaa mzima, nywele za namna ile alikuwa nazo mmoja tu.

"Nywele zangu," akasema Bi Nouf, polepole kwanza. Kisha akapiga ukelele uliowatoa majirani madirishani. "Nywele zangu! Kanitegea! Mchele, uzi mwekundu, mzoga na nywele zangu! Yarabi, mtoto huyu alikuwa ananizika!"

"Hapana, mama!" Esha alisimama wima. "Mchele ni ule wa harusi! Si wewe ulilirushia gari letu mchele na mawaridi yaliyofungwa kwa uzi mwekundu, ukatupa konzi tatu za mchele kwenye kioo cha mbele? Mchele uliingia pale chini ya waipa, kwenye wavu wa hewa. Panya akaufuata mchele. Muataz, si ulipiga video? Waonyeshe video!"

Ilikuwa kweli tupu. Ule ni mchele wa baraka, kila bi harusi wa ukoo ule hurushiwa, na kila mtu alikuwepo. Muataz alikuwa na video hiyo kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni mwake. Mkono wake ulishuka mpaka mfukoni, ukakaa humo.

"Na nywele?" akauliza Khairat kutoka uani, akijipangusa mdomo. "Nazo zilirushwa harusini?"

Hapo ndipo Esha alipokosea, na mkosaji mwenyewe alikuwa anasema ukweli.

"Nywele mama mwenyewe huziweka humu humu bandani! Akishachana anazisokota anazitia kwenye ufa wa ukuta ule, nyuma ya tairi, ili mtu asizichukue. Nimemwona mara nyingi. Panya amezitoa hapo."

Bi Nouf aligeuka akautazama ule ufa, kisha akamgeukia mkwewe taratibu. Nywele za kitana hazitupwi ovyo, hilo kila mwanamke wa pwani anafunzwa. Unazificha mahali usipomwambia hata binti yako wa kumzaa. Khairat mwenyewe hakupajua pale.

"Kumbe unapajua," akasema Bi Nouf. Sauti ilikuwa imeshuka, na ilikuwa mbaya kuliko ukelele. "Ulikuwa unanivizia. Na hii dawa yako, watu wazima tumekaa miezi miwili tunatafuta harufu, hakuna aliyejua ilipo. Wewe umekuja moja kwa moja, umefungua pale pale, umeitoa. Nani anajua dawa ilipo isipokuwa aliyeitega?"

"Ni filta, mama. Kila gari linayo. Baba yangu—"

"Baba yako ndiye aliyekufundisha, ndiyo. Muataz! Mimi au huyu. Chagua sasa hivi, majirani wakisikia."

Esha hakulia tena. Alimtazama mumewe. Esha alikuwa tayari ameishika filta mpya mkono wa kushoto, nyeupe, haijaguswa na vumbi.

"Muataz. Video unayo."

Muataz alitazama tairi la mbele. Alilitazama kwa makini sana, kama mtu anayetaka kulinunua.

"Esha," akaliambia tairi, "nimekuacha. Talaka moja."

Mnajua Esha alifanya nini? Alirudi kwenye gari. Akapangusa lile sanduku kwa kitambaa cha maji ya siki, kona zote, mara tatu, mpaka kitambaa kikatoka safi. Akaitia filta mpya, mshale ukitazama chini. Akafunga kifuniko, akarudisha kikamba, akapandisha droo mpaka ikalia tak. Hakuna aliyemzuia, na yeye mwenyewe asingeweza kukwambia kwa nini. Kazi ilikuwa imefunguliwa, na kwao kazi iliyofunguliwa hufungwa.

Eda ya kukaa kwa mumewe hakuna aliyeitaja, ingawa mle ndani Kurani ilisomwa kila asubuhi. Ijumaa wakapakia begi lake, wakashika njia. Nailoni ilikuwa bado imetandikwa. Bi Nouf akaketi mbele, na kwa sababu ya aibu ya watu kuona bi harusi anarudishwa kabla hata miezi mitatu haijafika, akaamuru vioo vifungwe. Gari likawa joto. Muataz akanyoosha kidole, akawasha AC.

Hewa ikaja ya baridi, safi, haina hata chembe ya harufu. Ikaja ya nguvu kuliko ilivyowahi kuja tangu gari lile linunuliwe.

"Allahu akbar," akasema Bi Nouf, akafumba macho. "Mnaona? Mnaona wenyewe? Limepona siku ile ile anayotoka."

Khairat, aliyekaa nyuma amejibanza mlangoni asiguswe na Esha, akavuta pumzi ndefu. "Wallahi, mama, hata chembe." Muataz akaongeza AC mpaka namba nne. Esha alikaa juu ya nailoni yake akipigwa na ile hewa usoni, kazi ya mikono yake mwenyewe, akaona kwamba asingeweza kumpa mwanamke yule ushahidi mzuri kuliko huo hata kama angetaka.

Kerege, Ridhiwani alikuwa ameinamia injini ya lori. Aliliona lile gari jeupe likisimama, akajipangusa mikono kwa tambara, akatabasamu, akadhani wamekuja kumsalimia. Bi Nouf hakushuka. Muataz akashuka, akatoa begi, akaliweka chini kwenye changarawe kwa uangalifu mno. Esha akashuka naye. Kipande cha nailoni kilikuwa kimegandana na baibui lake kwa jasho, kikamfuata mpaka nje. Mzee akakiona. Tabasamu likaondoka usoni pake polepole.

"Shikamoo, baba," akasema Muataz kwa mbali.

Ridhiwani hakuitikia.

Muataz akageuka kurudi garini. Akafika mlangoni, akasita. Akamtazama mamake kupitia kioo kilichofungwa, kisha akarudi hatua mbili kwa Esha, akainamisha kichwa, akashusha sauti. Moyo wa Esha uliruka. Ndiyo, baada ya yote hayo bado uliruka, na kwa hilo simlaumu.

"Esha," akanong'ona. "Ile filta. Inabadilishwa kila baada ya kilomita ngapi?"

Akamjibu. Ndivyo alivyolelewa, ukiulizwa kazi unajibu. "Elfu kumi na tano. Lakini nyie mna vumbi, fanyeni elfu kumi."

"Na mshale?"

"Utazame chini."

"Ahsante," akasema Muataz, na alimaanisha. Akapanda, mlango ukafungwa, gari likaingia barabarani kuelekea Dar kwenye maulidi.

Lilikuwa limeshapita nguzo za umeme mbili tatu ndipo maneno yale yalipomwingia Esha. Alijua. Tangu jana Muataz alijua ni filta, na ni panya, na ni mchele wa mamake, na alijua alipokuwa anaongea na tairi. Hakuwahi kumdhania mkewe uchawi hata dakika moja. Alimwacha hivyo hivyo akijua, na sasa hivi amesimama kumwuliza namna ya kulitunza gari.

"Mwanangu," Ridhiwani akasema nyuma yake, "mwenye gari alikuwepo ulipofungua?"

"Alikuwepo, baba. Wote walikuwepo. Waliona kwa macho yao."

Mzee alikuwa amelishika tambara lake la grisi, analikunja na kulikunjua. Na Esha, amesimama pale kando ya barabara mbele ya baba yake, akainua kiganja bila kujijua, akajinusa.